Mshambuliaji Aliyeona Mipira Miwili

Kila jioni ya kuamkia mechi, baba yake Cheche alipiga pasi shati lake la kazini huku akikariri majina. Cheche alikaa kwenye mkono wa kochi, ameshika karatasi ya wachezaji. Yeye alitaja namba ya jezi, na baba akajibu kwa jina la mchezaji, nafasi yake uwanjani na mguu anaoutegemea. Akikosea, alianza upya bila kunung'unika.

"Mtangazaji anayesoma karatasi wakati mpira unatembea," alipenda kusema, "ni sawa na dereva anayesoma gazeti kwenye kona kali."

Mitaani watu walimwita Nyundo, jina alilopewa enzi zake akiwa mshambuliaji wa kulipwa. Mguu wake wa kushoto uliwanyima makipa usingizi. Halafu goti likaharibika angali kijana, timu ikamwacha, na kwa muda mrefu simu yake haikuita. Kazi ya utangazaji aliianza chini kabisa, akisoma matokeo redioni alfajiri huku akigugumiza, na wasikilizaji wakipiga simu kumcheka. Hakukata tamaa. Alijifunza kupumua, kutamka, na kunyamaza pale picha inapojieleza yenyewe. Sasa alikuwa sauti ya televisheni, na watoto waliokimbizana na mpira wa makaratasi waliiga namna anavyotangaza goli.

Safari hii kazi ilikuwa ya aina yake. Fainali ya wasichana wa shule ingeonyeshwa moja kwa moja, yeye akiwa mtangazaji, na namba tisa wa mojawapo ya timu hizo alikuwa binti yake, Cheche.

"Haya, lete nyingine," baba alisema akigeuza kola.

"Namba... kumi na nane."

"Kumi na nane? Kikosi chote kina jezi kumi na sita!"

Cheche alikaza macho. Tarakimu zilikuwa zikipandana kama sisimizi. "Kumi na tatu," alisema haraka. "Nilikuwa nakupima tu."

Baba aliangua kicheko. "Unanitega mimi, mzee wa kazi?"

Mama, aliyekuwa kwenye cherehani yake, hakucheka. Alimtazama Cheche juu ya miwani. "Mwanangu, macho yako mekundu. Jana ulilala vizuri?"

"Nililala, mama."

Haikuwa kweli. Siku iliyotangulia, mazoezini, ilipigwa krosi ndefu. Cheche aliruka aipige kichwa, na kipa wao, rafiki yake wa kufa na kuzikana aitwaye Kufuli, akatoka golini kuipangua. Goti la Kufuli likampata Cheche juu ya sikio. Giza likashuka. Alipofumbua macho alimkuta Kufuli amemwinamia, akimuuliza yuko darasa la ngapi. Cheche alitaja darasa la mwaka uliopita.

"Namwita mwalimu," Kufuli alisema.

"Thubutu! Ukisema, naanzia benchi. Niahidi utafunga mdomo."

Mwalimu wa michezo alikuwa upande wa pili wa uwanja akizungumza na dereva wa basi, hakuona kitu. Kufuli aliahidi shingo upande.

Cheche alikuwa na sababu yake. Kila mtu alijua kwamba Nyundo aliwahi kucheza fainali hali mfupa wa mguu wake una ufa, na akafunga bao la ushindi. Picha ya bao lile ilikuwa ukutani sebuleni. Baba mwenyewe alikisimulia kisa hicho mara kwa mara kwenye televisheni, na kila mara alimalizia hivi: "Mshambuliaji wa kweli haombi kutoka." Wageni walipiga makofi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akisema, "Baba Cheche, hicho kisa huwa humalizii," na baba alikimbilia mazungumzo mengine.

Siku ya fainali Cheche aliamka kichwa kinamgonga. Alimeza dawa ya maumivu kwa siri, akajikaza kisabuni. Uwanjani jua lilimchoma macho, na kelele za mashabiki zikawa kama sufuria zinazogongwa ndani ya fuvu lake. Kipindi cha kwanza alipoteza nafasi ambayo siku nyingine angeifunga amefumba macho. Safari moja alipewa pasi nzuri, akageuka na kuanza kukimbilia goli lao wenyewe.

"Cheche! Huku! Unakwenda wapi?" wenzake walipiga kelele.

Mapumziko yalipofika, matokeo yakiwa bao moja kwa moja, alikimbilia chooni akatapika. Alipoinua uso alimwona Kufuli mlangoni, glovu zikiwa kwapani.

"Basi, imetosha," Kufuli alisema. "Nakwenda kwa mwalimu sasa hivi."

"Ni woga tu wa mechi."

"Woga gani unaomfanya mtu asijue goli la kwao?"

"Kufuli, nisikilize. Baba yangu yuko kule juu. Nchi nzima inatazama. Ukisema, urafiki wetu umekwisha. Sikutanii."

Kufuli akaanza kuvaa glovu zake. Filimbi ikalia. Wakatoka bila kuangaliana.

Juu, kwenye kibanda cha watangazaji, Nyundo alianza kipindi cha pili kwa sauti ile ile ya kawaida. Alikuwa amejiapiza kutompendelea binti yake hata kwa neno moja, kwa hiyo mwanzoni alimsema kama mchezaji mwingine yeyote. "Namba tisa leo hayuko mchezoni. Anachelewa kufika kwenye mipira."

Kisha akaanza kuona jambo jingine. Mchezaji mzito huchelewa, lakini huufuata mpira ulipo. Huyu alikuwa akiufuata mahali ulipokuwa kabla. Alifunika jicho moja kwa kiganja. Alinyoosha mkono kuomba pasi kwa mchezaji wa timu pinzani.

Nyundo akanyamaza katikati ya sentensi. Majumbani watu walidhani televisheni zimeharibika. Mtangazaji mwenzake, dada mmoja mwenye ulimi mwepesi, alimgeukia kwa mshangao.

"Shika wewe, dada," Nyundo alimnong'oneza, akavua hedifoni. "Yule mtoto ameumia kichwani."

"Kaka, tuko hewani!"

Lakini alikwisha kufika kwenye ngazi, akishuka kwa lile goti lake bovu, mkono mmoja ukiburuza kwenye reli.

Wakati huo huo uwanja mzima ulilipuka. Beki wa wapinzani alikuwa ameunawa mpira ndani ya kumi na nane. Penalti! Mechi ilikuwa ukingoni, na mpigaji wa penalti wa timu yao alikuwa mmoja tu.

Cheche aliuweka mpira kwenye alama. Akarudi nyuma. Alipoinua macho aliona mipira miwili, imekaa bega kwa bega, na makipa wawili wamechuchumaa. Alipepesa macho. Mipira ikaungana, ikaachana tena.

"Chagua mmoja," alijiambia. "Upige. Umalize."

Akageuka nyuma kidogo. Kufuli alikuwa ameacha goli lake na kuja hadi katikati ya uwanja, mikono kichwani, machozi yakimtiririka. Cheche alitaka kumwita amwambie arudi. Alitaka kumwita kwa jina lake halisi, jina aliloitwa na wazazi wake, jina alilomfahamu nalo tangu chekechea. Halikuja. Alilitafuta kichwani kama anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza, asiguse kitu. Hapo ndipo hofu ilipomshika. Si hofu ya kukosa penalti tena.

Mwamuzi alipuliza filimbi. Mashabiki wakatulia. Cheche alipiga hatua moja, ya pili, akasimama. Akainua mkono.

"Mwamuzi," alisema, sauti ikimtoka kwa shida. "Siwezi kupiga. Niligongwa kichwa juzi. Naona mipira miwili."

Akaketi kwenye nyasi. Mwamuzi aliita daktari kwa ishara ya mikono yote miwili. Kufuli alikuwa wa kwanza kufika, akapiga magoti kando yake na kumshika bega. Pembeni ya uwanja, mlinzi alimzuia mtu mmoja aliyekuwa akihema.

"Mzee Nyundo, watangazaji mnakaa juu. Huku hamruhusiwi."

"Kijana, hapa mimi si mtangazaji. Mimi ni baba," alijibu, na mlinzi akasogea.

Hospitalini, baada ya vipimo, daktari alikaa kwenye kiti karibu na kitanda. Mama alikuwa upande mmoja, ameushika mkono wa Cheche kana kwamba ungeweza kupeperuka. Baba alisimama dirishani.

"Ni mtikisiko wa ubongo," daktari alisema. "Binti atapona, lakini apumzike: asikimbie, asicheze, asitazame skrini mpaka nimruhusu. Ila niseme ukweli. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona, mtu anaweza asiamke. Leo mkono alioinua ndio uliomwokoa."

Daktari alipotoka, Cheche alianza kulia. "Nisamehe, baba. Nimekuaibisha mbele ya watu wote. Wewe ulicheza na mguu uliovunjika, mimi nimeshindwa."

Baba alivuta kiti akaketi.

"Mama yako anasema hicho kisa huwa simalizii. Nimalizie leo. Ule mguu ulipouma, nilibebesha mguu wa pili uzito wote. Goti likaharibika pale pale. Lile bao lilikuwa la mwisho kwangu. Nilikaa nyumbani miezi mingi, mama yako akinifunga kamba za viatu kama mtoto mdogo. Nilikuwa na miaka mingi ya mpira mbele yangu, nikaiuza kwa mechi moja. Halafu nikawa nawasimulia watu kama ushujaa, na wewe ukawa unasikiliza."

"Kwa hiyo haukuwa ushujaa?"

"Ulikuwa ujinga uliopigiwa makofi," mama alidakia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote watatu wakacheka kidogo.

"Kosa lako ni kuficha," baba aliendelea. "Langu ni kubwa zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuficha. Mwili ukikuambia umeumia, useme, hata kama dunia nzima inatazama. Rafiki anayekusihi useme anakupenda kuliko shabiki anayekushangilia."

Jioni Kufuli alikuja, bado amevaa soksi za mpira. Alieleza kwamba mwenzao aliyepiga penalti ile aliubamiza mpira kwenye mtambaa panya, na kwamba mwishowe walifungwa kwa penalti za matuta.

"Nilidaka mbili, lakini hazikutosha," alisema. "Halafu kuna jambo lazima ulijue. Ulipoinua mkono, nilikuwa nishaanza kwenda kwa mwalimu. Nilishaamua kukusaliti."

"Mbele ya nchi nzima?"

"Mchana kweupe."

Cheche alimkumbatia, akamwita kwa jina lake halisi. Lilikuwa limerudi, na alilirudia mpaka Kufuli akamwambia inatosha.

Wiki chache baadaye, Nyundo alitangaza mechi kubwa ya ligi. Cheche alikuwa bado hajaruhusiwa kutazama skrini, basi yeye na Kufuli waliketi sakafuni barazani, televisheni ikiwa sebuleni nyuma yao, wakisikiliza tu. Kipindi cha pili, baba alitangaza kwamba mshambuliaji mmoja kijana amejishika kichwa na kuomba atolewe. Uwanja ukazizima kwa zomeazomea.

Kisha sauti ya baba ikaja, tulivu.

"Enyi mnaozomea, hebu tulieni. Na ninyi watoto mnaotazama majumbani, nisikilizeni mimi niliyewahi kuwadanganya. Kijana huyu amefanya jambo gumu kuliko kufunga bao. Amesema ukweli kuhusu mwili wake, na kwa sababu hiyo, panapo majaliwa, tutamwona akicheza kwa miaka mingi. Mpigieni makofi."

Sebuleni, mama alisimamisha cherehani yake, akapiga makofi.