Pasipoti Iliyotiwa Plastiki

Msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya chuo ndio msimu ambao Mama Judith humwambia Sabra aje na viatu vya chini. Duka lao la steshenari, mtaa wa nyuma ya soko la Morogoro mjini, hujaa tangu mlango unapofunguliwa. Wazazi wamekumbatia vyeti vya kuzaliwa, watoto wao wanabishana nani kasahau namba ya siri, na mashine ya fotokopi inapuliza joto lenye harufu ya wino.

Na kila mtu, akishatoa kopi, anataka laminesheni. Cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, yote hutiwa plastiki. Karatasi ya maana haiachwi uchi. Sabra alikuwa fundi wa kazi hiyo. Plastiki yake haikuwa na mapovu wala kona iliyokunjamana, na watu walimsubiri yeye hata Mama Judith akiwa amekaa bure.

"Dada, naomba kopi za hii."

Aliinua macho. Mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, lakini viatu vimejaa udongo mwekundu wa milimani, kama vile juu na chini ni watu wawili tofauti. Mkononi alishika pasipoti ya kijani.

"Mgeni?" Sabra aliuliza, akifungua ukurasa wa picha.

"Mgeni wa siku nyingi. Natoka Ngazija, Komoro. Nimesoma hapa, sasa niko na wakulima wa vanila kule Kinole."

"Ndiyo maana unanukia keki."

Watu kwenye foleni wakacheka. Alipokabidhiwa kopi zake, yule mgeni aliinamisha kichwa na kusema, "Marahaba."

"Kwani mimi nimekuamkia saa ngapi?"

"Kwetu ndiyo asante."

"Basi kwenu kila mtu ni mzee!"

Kesho yake alirudi kutoa kopi ya karatasi ambayo haikuhitaji kopi. Keshokutwa alikuja kununua kalamu. Siku aliyonunua kalamu ya tatu, Mama Judith alisema kwa sauti ya kutosha, "Baba, namba ya simu haiuzwi hapa. Muombe mwenyewe."

Jina lake Abdulmajid. Sabra alimwita Majidi. Majidi alipopanda Kinole aliyakwea mawe pale mtandao unapopatikana, akapiga simu akihema.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe unahema nini, unakimbizwa?"

"Nimepanda jiwe ili nikusikie. Sema kitu kirefu, nisipande bure."

Sabra alimpeleka Mlali kwao, akamwona mama yake, Mwanahawa, na mjomba wake, Maneno. Kwa Waluguru binti hatolewi bila mjomba. Mjomba Maneno alimtazama mgeni juu mpaka chini, akamuuliza habari za nyanya, akamuuliza habari za mbolea, mwisho akasema, "Mtu wa kisiwani, siku akiondoka tutamfuata na nini?"

"Mjomba, bado hata hajaposa," Sabra alisema.

"Ndiyo nauliza mapema."

Lile swali lilibaki na Sabra. Usiku mwingine alilifunika kwa utani, mchana mwingine likajifunua lenyewe.

Mvua za masika zikiwa zimekolea, simu ilitoka Ngazija. Mama yake Majidi, Echata, alikuwa amelazwa, na ndugu walisema aje. Nafasi kwenye ndege ilipatikana. Jioni hiyo walikaa kwenye benchi nje ya duka, Majidi kavaa jaketi lililolowa, Sabra kajitanda mtandio wa zambarau.

"Nitakaa kidogo tu. Mama akipata nafuu narudi," Majidi alisema.

"Ningekuwa na uwezo ningekufungia humu kwenye droo, pamoja na mihuri."

"Ungenilisha nini?"

"Karatasi."

Alicheka, akamwachia pasipoti amtolee kopi za kupeleka kwa wakala wa tiketi. "Nitaipitia kesho. Iangalie, imechoka. Nimeibeba kwenye mvua za mlimani muda wote huu."

Kweli ilikuwa imechoka. Ukurasa wa picha ulikuwa umevimba kwa unyevu na kuachia kwenye uzi, unashikiliwa na kipande kidogo tu upande wa chini. Sabra aliugusa, ukatoka wote, ukabaki mkononi mwake. Aliiona safari nzima ya Majidi imelala kwenye vidole vyake, na mama mgonjwa ng'ambo ya bahari anaangalia mlango.

Hakuwaza mara mbili. Alifanya alichowafanyia watu wote. Aliukausha ukurasa kwa pasi, akautia plastiki, akaupitisha kwenye mashine. Ulitoka mgumu, unang'aa, picha ya Majidi safi kabisa. Akakata kingo kwa mkasi, akaurudisha mahali pake kwa gundi, akaweka kitabu chini ya rimu za karatasi kishike. Asubuhi Majidi alikuja mbio, basi linamngoja, akaitia mfukoni bila kuifungua.

"Nimekutengenezea," Sabra alimwambia.

"Mungu akulipe, mpenzi." Akaondoka.

Simu ilipigwa kutoka uwanja wa ndege Dar es Salaam.

"Sabra, uliifanya nini pasipoti yangu?"

Sauti haikuwa ya juu. Ingekuwa ya juu ingekuwa afadhali.

"Niliipiga laminesheni. Ukurasa ulikuwa umetoka, nikasema…"

"Wanasema imechezewa. Wameniweka kwenye chumba, wananiuliza nimebandika picha ya nani. Ndege imeondoka."

"Majidi, mimi sikujua. Huku kila kitu tunatia…"

"Ungenipigia simu. Neno moja tu."

"Ulikuwa na haraka. Nilitaka usafiri."

Nyuma ya Majidi sauti ya mwanamke ilikuwa ikiwaita abiria wa safari nyingine.

"Ulisema utanifungia kwenye droo," alisema.

"Majidi! Ule si ulikuwa utani?"

Simu ilikatika. Alipopiga tena haikupokelewa.

Mama yake alifariki Majidi akiwa bado Dar, ameachiwa na amefikia kwa binamu yake. Alizikwa siku hiyohiyo. Sabra hakuambiwa na Majidi. Alijua alipoona Majidi amebadilisha picha ya wasifu kwenye simu: mwanamke mwenye uso mpana, amejifunika shuka nyekundu na nyeupe, anatabasamu kidogo upande mmoja. Chini yake hakuandika kitu.

Mama Judith alifunga duka mapema siku hiyo, jambo ambalo hafanyi.

"Nimempigia yule binamu wa Majidi," alisema. "Ubalozini kwao wanaweza kumpa hati ya dharura ya kumfikisha nyumbani. Ya kwenda tu, haina kurudi. Pasipoti yenyewe inatengenezwa kwao. Ila wanataka ripoti ya polisi wa hapa, kueleza ilivyoharibika. Naye atasema nini?"

"Atasema ukweli. Niliiharibu mimi."

"Wewe! Kuchezea pasipoti ya watu ni kesi. Mwambie aseme ilinyeshewa."

"Waliiona plastiki, Mama Judith. Akisema mvua ataonekana mwongo, na hiyo hati hataipata."

"Na wewe ukifungwa?"

Sabra alijifunga mtandio wake mweusi. Akashika njia ya kituo cha polisi.

Kituoni alipokelewa na askari wa kike, jina kwenye kifua Yustina. Sabra alisema shikamoo, akasimama wima, akaeleza yote tangu uzi mpaka gundi. Hakulia. Afande Yustina aliandika, akaacha kuandika, akamtazama.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, afande."

"Huyo mwenye pasipoti anajua uko hapa?"

"Hapokei simu yangu."

"Kwa hiyo mtu hapokei simu yako, na wewe unakuja kujishtaki kwa ajili yake." Alikuna shingo kwa kalamu. "Cheti changu cha kuzaliwa mama yangu alikitia plastiki hivyohivyo. Nilipoomba kazi nikaambiwa hakifai, nikatafute kingine. Nilimnunia mama wiki nzima. Kaa hapo."

Aliingia ndani kwa mkubwa wake, akakaa sana. Alipotoka alimsomea Sabra maelezo, akamwambia aweke sahihi na dole gumba, akamwonya kwamba akiitwa siku yoyote afike. Sabra aliitika. Binamu wa Majidi alikuja na basi kuichukua ripoti, akaipokea pale dukani bila maneno mengi, akageuka.

Hapo kazi ya Sabra ilikuwa imekwisha. Alipanda Mlali, akamkuta mama yake anapembua mchele kwenye ungo, akamweleza. Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama wa mtu amekufa, na mtoto wake yuko nchi ya watu, hakuna aliyemsomea hata dua?"

"Kwao wamemsomea, mama."

"Kwao. Na huku alikokuwa anakula?" Akaweka ungo chini. "Kamwite mjomba wako."

Ijumaa baada ya swala uani kwa Mwanahawa kulitandikwa mikeka. Majirani walikuja kama wanavyokwenda msiba wowote, na kuni, na nazi, na maneno ya pole waliyompa Mwanahawa kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumpa. Sufuria la ubwabwa lilichemka. Wanaume walikaa upande wa barazani, na shekhe akafungua kitabu. Kisha akakifumba.

"Jina la marehemu?"

Walitazamana. Echata walilijua. Binti wa nani, hakuna aliyejua.

Sabra alikwenda nyuma ya nyumba na simu. Aliipiga. Ikalia mpaka ikakatika. Akaandika: *Nipe jina la baba yake mama. Watu wamekaa kwenye mkeka, shekhe anangoja.*

Simu ilipigwa hapohapo.

"Watu gani?"

"Watu wa Mlali. Tunamsomea mama hitima."

Halafu akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwa Majidi, sauti inayopasuka katikati.

"Mbaraka," alisema. "Echata binti Mbaraka."

"Ngoja." Alikwenda mbio barazani, akamnong'oneza Mjomba Maneno, naye akamwambia shekhe. Sabra aliinyoosha simu kuelekea kwenye mkeka ili Majidi asikie jina la mama yake likisomwa na watu wa milimani ambao hawakumwona hata siku moja. Mkono ulichoka. Hakuushusha.

Dua ilipokwisha aliirudisha simu sikioni. "Upo?"

"Nipo." Kisha, "Binamu alinisomea ile ripoti. Umeweka jina lako."

"Ndilo jina nililonalo."

"Wangekufunga, Sabra."

"Hawakunifunga. Majidi, mimi sikutaka usiende. Nataka uamini hilo, hata kama hunitaki tena."

"Naamini. Nilijua tangu pale uwanjani. Ila nilikuwa na uchungu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Majidi alikuja Morogoro siku moja kabla ya kusafiri, kavaa kanzu na kofia ya nyuzi, kakonda usoni. Alikwenda Mlali kwanza, akambusu Mwanahawa mkono, akala ubwabwa uliopashwa moto ingawa hakuwa na njaa. Jioni Sabra alimsindikiza Msamvu. Stendi ilikuwa na kelele zake zote, wapiga debe wanavutana mabegi, wauza korosho wanagonga vioo. Hati ya dharura ilikuwa kwenye bahasha kifuani.

"Hii ni ya kwenda tu," alisema.

"Nimeambiwa."

"Huniulizi kama nitarudi?"

"Sikuulizi."

"Kwa nini?"

"Nitakuwa nakudai. Nenda ukamlilie mama yako. Mengine yana siku yake."

Kondakta alipiga bodi ya basi. Majidi akatoa simu, akapiga palepale mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Shikamoo, mjomba. Ni Abdulmajid. Naomba kumuoa Sabra."

Sabra alifunika mdomo kwa mtandio. Kwenye simu sauti ya Mjomba Maneno ilisikika hadi kwa abiria wa viti vya mbele.

"Posa gani ya kwenye simu, tena na honi? Wewe huna wazee?"

"Ninao, mjomba."

"Basi njoo na mzee wako. Mtoto wetu haposwi na kijana peke yake."

"Kwetu pia mjomba ndiye msemaji."

"Sasa si umeelewa! Mlete!"

Basi likaondoka.

Pasipoti mpya ilitoka baada ya arobaini kupita. Kibali cha ukaazi kilichukua muda zaidi, kwa sababu kila kilichokuwa kwenye ile ya zamani kilibidi kuombwa upya, na pia Majidi alikuwa akimngoja mzee wake naye apate pasipoti ya kwake. Mzee huyo hakuwahi kuwa nayo, hakuwahi kutoka kisiwani.

Walifika katikati ya kiangazi. Mzee Hamadi, kaka yake Echata, alikuwa mfupi, amevaa koti juu ya kanzu kwa baridi ya Mlali. Alikaa mkekani akitazamana na Mjomba Maneno, wakazungumza taratibu, kila mmoja kwa lugha yake, wakirudia pale wasipoelewana. Sabra aliitwa kusalimia. Alipiga magoti, akaamkia, lakini hakuinuka.

"Mzee, ni mimi niliyeiharibu ile pasipoti. Majidi hakumzika mama yake kwa sababu yangu. Sitaki mnitolee posa hamjui."

Mwanahawa aliinamisha kichwa.

"Tunajua, mwanangu," Mzee Hamadi alisema. "Alitueleza yote."

"Na mmekuja?"

"Dada yangu alikuwa na wasiwasi na huyu. Kila akipiga simu huku alikuwa anauliza, huko uliko, ukipatwa na jambo, nani atasimama?" Alivuta koti lake. "Nilitaka kumwona aliyesimama, kwa macho yangu. Nikirudi, nikapite kaburini nimwambie."

Mjomba Maneno alikohoa, akasogeza sahani ya tende katikati ya mkeka.

"Haya," alisema. "Tuanze."