Koti la Lothar

Mimi na kaka yangu Fiachra tunabishana kwa kila jambo, lakini kisa hiki sijawahi kumbishia. Yeye huendesha basi dogo la watalii huku kwetu Roscommon: magofu asubuhi, mashamba mchana. Siku ile kulikuwa na jua zuri. Abiria walikuwa wawili tu, wazee wa Kijerumani, Lothar na mkewe Ulrike, nao walitaka kuona ngome ya kale iliyo katika shamba la Bi Attracta.

"Tembeeni mtakavyo, ila ule mti wa miiba muuache, una wenyewe wasioonekana," Bi Attracta aliwaambia langoni. "Na mkipotea, vueni makoti myavae ndani nje."

"Nipotee kwenye malisho ya ng'ombe?" Lothar alicheka. Alipoufikia mti tu, akavunja kijitawi chenye maua na kukichomeka kofiani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Walipotaka kurudi, Fiachra akiwa nao, lango halikuwepo. Shamba lenyewe dogo, ukipiga mluzi huku unasikika kule. Wakafuata ukuta wa mawe, wakatokea kwenye mti. Wakakata katikati, wakatokea kwenye mti. Lile basi lao walikuwa wakiliona ng'ambo ya ukuta, na kila wakilisogelea linakuwa upande mwingine. Fiachra alitukana mpaka akaishiwa matusi. Ulrike akaanza kulia.

"Geuza koti, mzee wangu," Fiachra alinong'ona. Yeye na Ulrike walikuwa wameshageuza yao, na lango lilikuwa pale mbele, wazi.

"Lango gani? Mimi si mtoto!"

"Lothar. Kwa ajili yangu."

"Nimechoka na upuuzi wenu!"

Ulrike akamkamata mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote. Akapita langoni. Akageuka. Alikuwa ameshika koti tupu, vifungo vyote vimefungwa.

Polisi walileta mbwa. Mbwa waligoma kuingia.

Ulrike hakurudi kwao. Amepanga chumba kwa Bi Attracta, na kila jioni hulitundika koti langoni, limegeuzwa ndani nje tayari, ili mumewe alivae tu atoke. Asubuhi hukuta nyasi zimekanyagwa upya kuuzunguka mti.

Koti nalo hulikuta pale pale alipoliacha. Limegeuzwa tena, bitana ndani, kama mtu mzima anavyolivaa.