Mifuko Iliyovimba Kabla ya Wakwe Kufika

Pancras wa Kanazi alikuwa fundi wa urwagwa, pombe ya ndizi. Watu walitoka mbali, hata Rulenge, kuifuata. Asubuhi alilima na mkewe Clotilda. Jioni alifunua pipa lake, akainama, akasikiliza. Pombe ikitoa povu na kuvimba, alifurahi.

"Imekubali," alikuwa akisema. Hakuna aliyembishia, maana kwa pombe alikuwa hakosei.

Mwaka huu shemeji yake Danstan alikuja kutoka Mwanza na zawadi. Ilikuwa mashine ndogo ya umeme ya kunyonya hewa. Unatia chakula kwenye mfuko wake wa plastiki. Unaingiza mdomo wa mfuko kwenye mashine, unabonyeza. Mashine inanyonya hewa, kisha inauchoma mdomo wa mfuko, unafungika. Danstan aliwaonyesha kwa karanga, akapanda basi akarudi Mwanza. Hapo alikosea. Kumwachia Pancras mashine bila maelezo ni kumwachia mbuzi shamba la maharage.

Clotilda alifunga maharage makavu na karanga, akaridhika. Pancras alifunga kila kilichopita mbele yake. Alifunga kitambulisho chake cha taifa. Alifunga rimoti, akawa anaibonyeza ndani ya mfuko. Alifunga viatu vya Clotilda vya kanisani, na Jumapili mama wa watu akapasua mfuko kwa meno huku kengele inalia.

"Siogopi wezi tena," Clotilda alimwambia jirani yake. "Naogopa kusinzia karibu na ile mashine."

Basi wakapata habari kwamba wageni wanakuja Jumamosi. Walikuwa wazazi wa Gervas, kijana wa Biharamulo aliyetaka kumwoa binti yao Anjelika. Anjelika alimpenda Gervas, hakuficha. Tatizo lilikuwa baba yake Gervas, Mzee Mayunga. Ilisemekana aliwahi kukataa mchumba mmoja kwa sababu kwao alipewa ugali mbichi. Clotilda alitenga mbuzi mnono, akaomba Mungu.

Jumatano mbuzi yule alitumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi, akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe siku ileile.

"Tuuze nyama," Clotilda alisema. "Jumamosi tutachinja kuku."

"Wakwe waje kula kuku, na mbuzi tulikuwa naye?" Pancras alishangaa. "Mashine ipo, mama Anjelika. Nyama isiyo na hewa haiozi."

Alichemsha nyama, akaitia kwenye mfuko na mchuzi wake, ya moto vilevile. Mashine ilinyonya mchuzi badala ya hewa, ikakohoa, ikazimika. Pancras aliipangusa, akasubiri iwake. Mara ya pili alimwaga mchuzi, akafunga nyama tupu. Kisha akaitundika mifuko juu ya jiko.

"Kwa nini hapo penye joto?" Clotilda aliuliza.

"Pombe hupenda joto."

"Hiyo ni nyama."

"Wewe niachie mimi."

Clotilda alimwachia. Baadaye alijuta sana.

Ijumaa Pancras aliingia jikoni, akatoka anacheka. Mifuko ilikuwa imevimba, imekaza kama mpira wa miguu.

"Anjelika, mwite mama yako. Imekubali."

Clotilda aliiangalia mifuko mara moja tu. Alivuka uzio kwenda kwa jirani yao Auleria. Auleria alikuwa mwalimu wa mapishi katika chuo cha ufundi, na siku hiyo alikuwa nyumbani. Alikuja na kanga yake kiunoni. Alimkuta Pancras ameshika mkasi.

"Shikamoo, baba Anjelika. Unataka kufanya nini?"

"Marahaba, mwalimu. Nataka kuonja. Fundi huonja kwanza."

"Naomba uweke mkasi chini."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo. Hiyo ndiyo inayolaza watu hospitali."

Pancras aliweka mkasi chini, lakini mdomo haukukubali. "Mwalimu, mimi najua kitu kikivimba. Miaka yote hii navimbisha pombe."

"Kwenye pombe, ni sawa," Auleria alisema. "Kinachovimbisha pombe ni vijidudu unavyovitaka. Kinachovimbisha nyama ni vijidudu usivyovitaka. Vimekula, vimetoa hewa, mfuko umejaa."

"Vimepumua wapi? Hewa niliitoa yote."

"Hapo ndipo wengi tunapokosea. Wadudu wa maharage wanahitaji hewa. Ukungu unahitaji hewa. Ukiiondoa, wanashindwa. Lakini kuna vijidudu vingine havitaki hewa kabisa. Wewe umevifungia mahali pasipo hewa, penye unyevu, tena ukaviweka juu ya jiko vipate joto. Umevijengea nyumba, baba Anjelika."

"Mbona haunuki?"

"Sumu nyingine hainuki. Usingoje harufu."

"Nikiichemsha tena?"

"Sumu nyingine moto hauiondoi."

Pancras alifikiri. "Basi tumpe mbwa."

"Mbwa naye amekukosea nini?"

Clotilda alitaka kucheka, lakini Anjelika alikuwa amekaa mlangoni, analia. Akilini alimwona Mzee Mayunga akishika tumbo njiani kurudi Biharamulo. Aliona posa yake imekufa. Pancras alimtazama binti yake na aibu ikamshika. Alichukua jembe, akachimba shimo refu nyuma ya choo, akaizika ile nyama na mifuko yake. Alisikitika kuliko siku alipomzika mbwa wake wa zamani.

Aliporudi aliketi chini. "Haya, mwalimu. Nifundishe. Mashine hii ni ya nini?"

"Ni nzuri sana," Auleria alisema. "Ila si friji. Kitu kikavu kweli, kama maharage, karanga au dagaa waliokauka vizuri, kifunge, kiweke kabatini, kitakaa. Chenye majimaji, kama nyama, samaki mbichi au chakula kilichopikwa, kipoze upesi, kifunge, halafu kiingie kwenye friji au friza. Bila friji, usikifunge. Kipike, kiliwe."

"Na uyoga?" Clotilda aliuliza. "Mvua zimeanza."

"Uyoga mbichi usiufunge kabisa. Uanike ukauke mpaka uvunjike, ndipo uufunge. Na mifupa mikali iondoe, itatoboa mfuko. Mdomo wa mfuko uwe mkavu, la sivyo hautashika. Andika tarehe. Na mfuko ukivimba?"

"Haujakubali," Pancras alijibu taratibu. "Unazikwa."

Jumamosi asubuhi walichinja majogoo. Clotilda alipasua mfuko wa karanga alizofunga tangu mavuno. Zilikuwa kama zimetoka shambani jana, hazina mdudu wala ukungu. Alitengeneza mchuzi mzito wa karanga. Maharage nayo yalikuwa masafi, hata moja halikutobolewa. Kuku aliyezidi walimpoza, wakamfunga, wakampeleka kwenye friji ya Auleria.

Mzee Mayunga alifika na mkewe na Gervas. Alinawa, akaketi, akala bila kusema neno. Hilo lilimtisha Pancras. Alimhesabia matonge kwa macho. Mzee aliongeza mchuzi, akaongeza tena. Walipoondoka hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu kwamba ataenda kuzungumza na ndugu zake. Clotilda aliwapa mfuko wa karanga za njiani.

Jumapili alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika, Pancras alikuwa amekwisha kupiga simu Biharamulo. Clotilda na Anjelika walisimama karibu naye wakisikiliza.

"Shikamoo, mzee. Mmeamkaje huko?"

"Marahaba. Salama."

"Na tumbo, mzee? Tumbo limeamkaje?"

Mzee Mayunga akasema, "Mkwe, nimeozesha mabinti, nimeozesha wavulana. Sijawahi kupata mkwe anayeuliza habari za tumbo langu kabla ya kuuliza habari za ng'ombe wa mahari. Leteni tarehe ya harusi."