Pancha za Muriithi

Siku ya soko Runyenjes, Muriithi alifika kwa Kanini, fundi wa baiskeli, akisukuma baiskeli yake, tairi la nyuma limelala kabisa. Alikuwa mshonaji nguo, na shati lake jeupe lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kanini, ndani ya ovaroli ya bluu na kitambaa cha manjano kichwani, hakumtazama hata. Alichomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji. Povu likatoka.

"Mwiba," alisema. Akakwangua kwa msasa, akakata kiraka kwenye tyubu kuukuu, akapaka gundi.

"Hutumii viraka vya dukani?"

"Tyubu iliyokufa ndiyo inashika vizuri. Kwangu hakitupwi kitu."

"Hata mteja?"

Kanini akacheka. Ndipo akamtazama.

Wiki iliyofuata Muriithi alirudi na pancha nyingine. Na iliyofuata pia. Alimpunguzia Kanini ovaroli iliyompwaya mabegani. Walikula mahindi ya kuchoma wakingoja gundi ikauke. Simu nazo zikaanza.

"Umefika salama? Ni fundi wako," Muriithi alisema.

"Fundi ni mimi. Wewe ni mshonaji."

"Basi mshonaji wako, mpenzi."

Siku moja Kanini alipapasa ndani ya tairi la Muriithi, asipate mwiba. Nyuma ya Muriithi, Mama Wawira, muuza maziwa, alikuwa akingoja zamu juani, kopo la maziwa kwenye kerieri ya baiskeli yake yenye pancha. Tyubu ilipozama, povu lilitoka kwenye kitundu kimoja, kidogo, kisafi.

"Hii ni sindano, Muriithi."

Muriithi akatabasamu. "Ningekuonaje sasa?"

Kanini hakutabasamu. Mchana akasikia kuwa maziwa ya Mama Wawira yamekataliwa na wanunuzi, yalikuwa yameshaganda. Akampigia Muriithi simu.

"Mama wa watu amemwaga maziwa yake akingoja nizibe pancha yako ya uongo. Hii ni kazi yangu, si mchezo wako. Usirudi hapa."

Akakata. Muriithi alipopiga, hakupokea. Lakini kila baiskeli iliposukumwa kuelekea kwake, aliinua macho.

Asubuhi moja Mama Wawira akapita kwa miguu, mikono mitupu.

"Yule kijana wako alikuja kuniomba msamaha. Sasa kila alfajiri ananipelekea maziwa kwa baiskeli yake. Namwambia inatosha, hasikii."

"Si kijana wangu, mama."

"Haya."

Kanini alijikaza mpaka saa sita, kisha akachukua simu.

"Uko wapi?"

"Kwa cherehani."

"Njoo."

Alikuja kwa miguu, shati limelowa jasho mgongoni.

"Baiskeli iko wapi?"

"Nyumbani. Ni nzima. Sina pancha, Kanini. Nimekuja kukuona tu. Na Jumamosi nataka kuja kwenu na wazee wangu, ukikubali."

Kanini akajifuta mikono, akamsogezea kigoda.

"Kaa hapo. Kuna mteja mbele yako."

Muriithi akakaa, akangoja. Kanini alikagua tyubu ya mteja polepole, akabandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika. Mteja alipoondoka, akamgeukia.

"Waambie wazee wafike mapema. Baba hapendi kungojeshwa."