Goti la Bi Waridi

Nyumba ya Moubarak, pale Nyakabiga, ilikuwa nyumba ya amani, ndugu zangu. Moubarak alikuwa fundi wa magari. Mkewe Sumaya alishona nguo barazani, na tangu mwaka jana mama mkwe wake, Bi Waridi, alikuwa amehama Gasenyi kuja kuishi nao. Alasiri zilipita taratibu, cherehani ikilia na birika la chai likichemka.

Jambo moja tu lilimsumbua Bi Waridi: goti la kulia. Asubuhi lilikaza, na lilimuuma akiinuka kwenye mkeka wa swala, kisha likalegea. Mwenye famasi alilitazama, akampa krimu ya kuchua na kumwambia apake kidogo tu. Akapata nafuu. Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini Idi ilikuwa imebaki siku nne, na Bi Waridi alitamani sana kwenda kuswali kwa miguu yake mwenyewe. Sumaya, aliyempenda mama mkwe wake, akaamua kumsaidia. Alinunua sokoni krimu nyingine ambayo muuzaji aliisifu kwa ukali wake. Kikaratasi cha maelezo kilichokunjwa ndani ya boksi alikitupa bila kukisoma.

"Mama, leo nimeleta ile ya nguvu," alisema huku akicheka. "Idi itakukuta unakimbia."

Alimpaka goti zima, krimu ikakaa nene kama siagi kwenye mkate. Akalifunga kwa nailoni, juu yake akaweka chupa ya maji ya moto, akakaza na kitenge.

"Dawa ikipata moto inaingia mbio mu mufupa," alieleza, akarudi kwenye cherehani yake.

Mwanzoni Bi Waridi alisikia ubaridi mtamu. Baada ya muda kidogo ubaridi ukageuka joto, joto likawa pilipili, na pilipili ikawa kama chuma kilichotoka motoni. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Mwezi wa kwanza katika nyumba ile aliwahi kusema maharagwe yamezidi chumvi, akamkuta Sumaya akilia jikoni. Tangu siku hiyo alijiapiza kutolalamika tena. Hapa si kwangu, alijiambia, nisiwasumbue watoto.

"Inachoma, Mama?" Sumaya aliuliza kutoka barazani.

"Apana, mutoto wangu. Iko muzuri."

Msomaji, mwanamke huyu alikuwa akiungua huku akitabasamu.

Ilipita karibu saa nzima. Sumaya alipokuja kufungua kitenge, alipiga kelele. Ngozi ilikuwa nyekundu, na malengelenge makubwa yamejaa maji juu ya goti. Alikimbia bombani, akamwagia goti maji baridi ndoo kwa ndoo, machozi yakimtoka. Moubarak alipoitwa, aliacha gari la mteja limefunguliwa boneti, akampeleka mama yake kwenye zahanati pamoja na Sumaya.

Muuguzi Elvire alisafisha kidonda na kukifunga polepole.

"Hii dawa haifungwe na nailoni, na haiwekewe kitu cha moto," aliwaambia. "Munapaka kidogo, munaacha ngozi ipumue. Ikianza kuchoma, munaosha palepale. Mama, ulisikia maumivu?"

Bi Waridi aliinamisha kichwa. "Nilisikia tangu mwanzo."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?" Sumaya aliuliza, sauti ikimkatika. "Mi nilikuuliza!"

"Niliogopa utasema mi ni mwenye kulalamika. Umeninunulia dawa, umenipaka kwa mikono yako. Ningesema nini?"

Sumaya alipiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe wake. "Mama, ungesema inachoma. Nikikuuliza, nataka ukweli. Nisamehe, hata karatasi sikusoma."

"Na mi unisamehe," alisema Bi Waridi, akamshika kichwa.

Siku ya Idi Bi Waridi alibaki nyumbani na goti lililofungwa bandeji, akaswali ameketi. Kidonda kilichukua wiki tano kupona, na kovu lipo hadi leo.

FUNZO LA HADITHI HII

Krimu ya kuchua ni msaada kwa maumivu madogo ya misuli na viungo, lakini ni dawa, na kila dawa ina mpaka wake. Soma kikaratasi, au mpe anayejua kusoma akusomee. Paka kidogo, nawa mikono, usipake penye kidonda, usifunge wala kuweka moto juu yake. Kiungo kikivimba, au maumivu yakipita wiki moja, muone daktari. Nanyi wazazi mnaotunzwa na watoto wenu, msifiche maumivu kwa kuogopa kuonekana mzigo. Anayekupenda hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia.