Kijiti cha Pili

Mwili wa Dina ulikuwa jikoni, umelala kwenye mkeka uliolowa damu. Mkono wa kushoto ulikuwa na jeraha refu upande wa ndani, juu ya kiwiko. Juu ya jeraha palifungwa kipande cha kitenge, kimekazwa mpaka kikazama kwenye nyama.

Inspekta Scolastica Manyanda alifanya ishara ya msalaba, kisha akavaa glavu.

"Amejikata mwenyewe?" aliuliza Konstebo Abuu.

"Ajikate, ajifunge, halafu akafiche wembe? Utafute."

Wembe haukuonekana. Lakini kando ya figa, kwenye majivu, Inspekta aliokota kitu cheupe, chembamba, kifupi kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Alikipinda. Kilipinda bila kukatika.

"Kijiti cha uzazi wa mpango," alisema. "Wanakiweka chini ya ngozi, kinatoa dawa kidogo kidogo mwilini, mwanamke hashiki mimba. Kuna mtu amekitoa kwa wembe, akakata mshipa."

Huko nje, majirani wa kijiji cha Mamba walikuwa wameshatoa hukumu. Gervas, mume wa marehemu, alikaa chini, shati limejaa damu, vijana wamemzunguka.

"Damu hii ya nini?" Inspekta alimuuliza.

"Nilimnyanyua, afande. Nilikuwa shambani naamia ndege wasile mpunga, nikasikia mama anapiga kelele."

"Mligombana?"

"Juzi. Nilimuuliza kwa nini hashiki mimba tena."

"Akasemaje?"

"Alilia tu."

"Ulijua ana kijiti?"

"Kijiti gani?"

Mama yake, Getrude, aliingilia. "Mimi nilihisi! Mtu anakula mchele wangu, ananenepa, mjukuu mpya hamna! Nikasema Jumapili tukitoka misani nawapapasa mikono wakwe zangu wote wawili. Mwenye kijiti anarudi kwao, watoto wanabaki kwa baba yao."

"Wanao walisemaje?"

"Waseme nini? Gervas na mdogo wake Cletus, wote walikubali."

"Ni wewe uliyemkuta marehemu?"

"Ndiyo. Nilifuata chakula. Bernadetha, mke wa Cletus, alikuwa ameenda kisimani. Nikaingia jikoni, namkuta hivi."

Gervas akapandishwa kwenye gari la polisi. Alikuwa na damu kwenye nguo na ugomvi nyumbani, na kumwacha pale ilikuwa sawa na kuwakabidhi vijana kichwa chake.

Katika mahabusu ya kituo cha polisi Kibaoni alishika nondo kwa mikono miwili.

"Afande, nitanyongwa?"

"Ukikutwa na hatia ya mauaji, sheria ni hiyo. Kama hukufanya, sali. Mimi nitafanya kazi yangu."

"Nisali nini? Nilimwambia atarudi kwao. Sasa amerudi wapi?"

Usiku huo Inspekta alimtaja Gervas katika sala zake, na Dina pia.

Kesho yake Daktari Benedikto, aliyeuchunguza mwili huko Mpanda, alipiga simu.

"Inspekta, kijiti ulichookota si cha marehemu."

"Una uhakika?"

"Cha kwake ninacho hapa mezani. Kilikuwa bado kimo mwilini. Kwa kawaida unakigusa kwa kidole, kipo juu juu. Hiki kilizama karibu na mshipa mkubwa. Aliyekata alikuwa anachimba."

"Mama mkwe alitaka kumpapasa."

"Angepapasa mpaka achoke. Asingekipata."

Inspekta alikata simu, akabaki ameitazama. Kama kijiti cha Dina hakikutoka, basi pale jikoni palikuwa na mkono mwingine uliokatwa.

Inspekta na Abuu walifika msibani jua likiwa utosini. Wanawake walikaa kwenye mikeka. Bernadetha, mwanamke mwembamba wa watoto watatu, alikuwa akiwagawia uji. Alichota kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto aliubana mbavuni. Alikuwa amevaa sweta zito.

"Joto hili na sweta?" Abuu alinong'ona. "Mimi hata vesti naona mzigo."

Inspekta alimwita Bernadetha nyuma ya ghala la mpunga.

"Pole na msiba, mama Innocent."

"Asante, afande."

"Unaumwa?"

"Homa kidogo."

"Vua sweta."

"Kuna mwanamume hapa."

"Abuu, geuka."

Bernadetha hakusogea. Macho yake yalikwenda kwenye ghala, yakaenda kwenye ua, yakarudi kwa Inspekta.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta alisema. "Utakachosema kitaandikwa na kupelekwa mahakamani. Lakini ujue shemeji yako yuko ndani. Nyie mkinyamaza wote, atashtakiwa kwa mauaji."

Alilivua polepole. Mkononi kulikuwa na kitambaa safi. Chini yake, kidonda kidogo, kimenyooka, kimeanza kukauka.

"Nani alikukata?"

"Dina."

"Halafu?"

"Halafu mimi nikamkata yeye. Changu kilitoka kama mwiba, afande. Nikajua na chake kitatoka hivyo hivyo. Jumapili ilikuwa imekaribia."

"Nani alimpeleka kuwekwa kijiti?"

"Mimi. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni, na yeye akaponea chupuchupu. Nesi alisema apumzike. Nikamwambia njoo, mimi ninacho, hakuna anayejua."

"Wembe uko wapi?"

"Nilitupa kisimani."

"Zahanati iko karibu. Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nikipiga kelele, watu wanakuja. Wakija, wanaona mkono wangu. Cletus aliapa ananirudisha kwetu mikono mitupu. Wanangu wangelelewa na nani? Nikamfunga kitenge, nikakaza, nikakaza. Damu haikusikia."

"Dina alisema nini?"

"Alisema, 'Mama Innocent, mwite mtu.' Wakati huo akafika muuza dagaa wa Ikola na pikipiki yake. Akasimama hapo uani anaita wateja. Dina akataka kumwita."

"Ukafanyaje?"

"Nikamziba mdomo."

Inspekta aliacha kuandika.

"Nilikuwa nasali, afande. Nasali Salamu Maria, kiganja changu kiko mdomoni kwake."

"Ulikuwa unamwombea Dina?"

Bernadetha alitikisa kichwa.

"Nilikuwa naomba pikipiki iondoke."

"Ikaondoka?"

"Ikaondoka."