Vinukta Vilivyohama Pamoja

Inspekta hakuwa na gari, wala poda ya kuchukulia alama za vidole, wala elimu ya darubini, wala mkubwa mwenye subira.

"Mlinzi tunaye rumande na ufunguo alikuwa nao," mkubwa alifoka kwenye simu. "Unatafuta nini tena?"

Maabara ilikuwa imeibiwa lenzi moja ya darubini ya leza. Kompyuta zote zilikuwepo. Mwizi gani anaacha nyama anabeba mfupa?

"Lenzi hiyo ina kazi gani?" alimuuliza fundi wa darubini, mama mwenye miwani.

"Inatuonyesha chembe za dhahabu ndani ya seli hai, afande. Ni ndogo mno; tunaona mwanga wake tu, tunaufuata."

"Na mimi nifuate nini? Tangu asubuhi nazunguka kama ngamia wa kinu!"

Mama alicheka, akamwekea filamu. Vinukta vilitapatapa, kila kimoja na ngoma yake.

"Hivi vilivyotulia?"

"Tumevigandisha kwenye kioo. Vikisogea, ujue meza ndiyo iliyosogea."

Kisha akamwekea filamu iliyompa sifa Daktari, mtafiti mkuu wa maabara: vinukta vikikimbilia seli gonjwa, kana kwamba dawa iliyobebwa navyo ingejipeleka yenyewe. Inspekta alikaza macho.

"Mama, mbona hata vilivyogandishwa vinakwenda?"

Fundi akashika mdomo. "Sote tulitazama vinavyokimbia... Na kesho wageni wanakuja kurudia jaribio hili!"

"Bila lenzi wataweza?"

"Hawawezi."

Daktari aliitwa.

"Lenzi iko wapi?"

"Muulize mlinzi."

"Mlinzi hajui kinukta wala nukta. Wewe je? Mbona vinukta vyako vilivyogandishwa vinatembea?"

Daktari alivuta kiti, akaketi.

"Feni," alisema. "Ilikuwa inasukuma meza kidogokidogo. Niligundua nimeshachapisha."

"Ukamtwisha mlinzi mzigo."

"Nilidhani watamwachia tu."

"Ana watoto, bwana!"

"Miaka yote hakuna aliyenisikiliza, afande. Baada ya filamu ile, watu walisimama nikiingia. Ningewaambiaje wakae?"

Akatoa lenzi mkobani, imeviringishwa kwenye soksi.

Inspekta alimpigia mkubwa. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kimya. Alisonya, akaomba karatasi, akamwandikia hakimu: aliyeiba amekiri, lenzi imepatikana, mlinzi hana hatia, naomba aachiwe leo. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akailamba, akaikandamiza kwa ngumi, akamkabidhi tarishi wa maabara.

"Mkononi mwa hakimu. Mkononi, umesikia? Haya, kimbia!"